Waya Uliofungwa kwenye Bomba

Malmö, 7 Machi 2021

Kwa mdogo wangu Nibras,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama. Natumai hamjambo. Sisi huku wazima, mke wangu Rand anawasalimu, theluji bado haijaisha. Naandika kwa karatasi kama Mama alivyoniapisha siku naondoka, maana kwake sauti ya simu haikunjiki ikawekwa chini ya mto.

Baada ya salamu, jambo lenyewe ni hili. Baba Rami msafirishaji ameniambia mzigo kaushusha mlangoni salama. Ni kompyuta sita, na si za kuchezea. Kazi yangu, kama ujuavyo, ni kuchora majiko na vyumba ambavyo bado havijajengwa, na picha moja tu huifanyisha kompyuta kazi kutwa nzima. Umeme wa huku umepanda bei hadi naogopa kufungua friji. Kwetu umeme wa serikali ni kama bure. Ziwekeni chumbani kwangu kwa zamani, nami nitaziendesha kwa mtandao nikiwa huku.

Sasa sikiliza vizuri. Kila moja ina pawa saplai ya wati elfu moja na mia mbili, yaani kile kisanduku cha nyuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Usichomeke kwenye ekstensheni, hata ile nzito ya marehemu Baba. Mwite Sabri fundi avute waya mpya mnene kutoka kwenye bodi ya swichi, mistari mitatu, kila mstari kompyuta mbili na swichi yake ya kujikata. Tena asipige hesabu kwa volti 220, maana kiangazi umeme wetu hushuka hadi 170. Taa ikipata umeme hafifu hufifia na kula kidogo. Hizi sivyo. Zikipewa volti chache hunyonya ampia nyingi zaidi ili zipate haki yao ileile, na waya mwembamba huungua ndani ya ukuta hujui.

Na kila soketi iwe na waya wa ardhi. Hapo hatuna shida, Baba aliufunga kwenye bomba la maji la uani, na mimi ndiye niliyemshikia tochi. Bomba la chuma lililozikwa mpaka barabarani, hakuna ardhi nzuri kuliko hiyo.

Kaka yako,
Muthanna


Baghdad, 2 Aprili 2021

Kaka Muthanna, mwanga wa nyumba yetu,

Mama anakusalimu kwa mabusu matatu, mawili ya mashavu na moja la paji la uso. Mnarenji, ule mchungwa wetu wa uani, umechanua na nyumba nzima inanukia. Mama Haytham wa jirani kamwoza binti yake kwa daktari wa meno, sasa haongei nasi bila kuonyesha meno. Goti la kulia la Mama limevimba tena, anapanda ngazi akilitukana. Nilipomsomea barua yako aliuliza, "Goti langu hajaliuliza?" Nikamwambia umeuliza, ila mwandiko wako mbaya. Basi ukiandika tena uliza kweli, nisiende motoni kwa ajili yako.

Baada ya hayo, mashine zako. Sabri amefanya yote uliyosema, waya mnene, mistari mitatu. Kisha akaongeza kitu chake mwenyewe, swichi ya uvujaji. Anasema umeme ukitoroka hata kidogo kwenda pasipo pake, kwa mfano mwilini mwa mtu, swichi hiyo hukata yote kabla mtu hajamaliza kusema "ah". Nikamwambia kaka hakuiagiza. Akanijibu, "Kaka yako anakaa Uswidi. Hapa kuna mama mtu mzima, ua uliolowa, na kipoza hewa cha maji chenye mwili wa bati. Mimi siachi nyumba hii bila hiyo, na pesa yake sitaki."

Shida ni kwamba inakata. Mara tatu leo. Nawe kila ikikata unanipigia nikiwa darasani na watoto arobaini wananitazama. Na chumba chako kimekuwa tanuri la mkate wa samuni, paka kahama.

Dada yako,
Nibras


Malmö, 25 Aprili 2021

Mdogo wangu Nibras,

Ramadhani njema kwenu nyote. Salamu zenu nimezipata, ahsanteni.

Kuhusu swichi ya Sabri. Kila pawa saplai huvujisha umeme kidogo sana kwenye waya wa ardhi, ndivyo ilivyoundwa, ni chujio lake linapumua. Moja si kitu. Sita kwa pamoja zinaifanya swichi ile ione mwizi pasipo na mwizi. Mwambie aitoe. Kwa kuwa tuna ardhi ya Baba, umeme ukitoroka utakwenda ardhini na swichi za kawaida zitakata. Ile yake ni pambo.

Nina picha kumi na mbili za kukabidhi kabla ya kiangazi, na mteja wangu hajui Ramadhani wala Sabri. Usiniangushe, Nibras. Kila kitu nilichonacho kipo ndani ya chumba kile.

Muthanna


Baghdad, 12 Juni 2021

Kaka Muthanna,

Salamu kutoka kwa Mama, ambaye leo kapika bamia na kuweka sahani yako mezani, nikaila mimi. Idi ilipita vizuri, biskuti za kulicha zilitoka nzuri, nyingi zimeliwa na mama mdogo Khawla aliyekuja kwa siku moja akakaa wiki. Goti liko vilevile. Nimemwambia Mama umemtafutia dawa ya kuchua huko, kwa hiyo itafute. Mtaa wetu ulichimbwa wote mwezi uliopita. Wameng'oa mabomba ya zamani ya chuma yaliyooza na kulaza ya plastiki ya bluu mpaka kwenye kila ua, na sasa maji yanakuja meupe, hayana kutu, Mama anayaangalia kama bi harusi anavyoangalia dhahabu. Ila koki ya uani imeanza utani. Ukiishika kwa mkono wenye maji inakutekenya. Mama anasema ni kama sisimizi wanatembea mpaka kwenye kiwiko. Kanituma nikuulize wewe mhandisi wake, hiyo ni nini.

Rand hajambo? Barua iliyopita hukumtaja.

Baada ya hayo. Sabri alikataa kuitoa swichi yake. Alisema dawa ya kukatakata ni kuweka tatu ndogo, kila mstari na yake, zisijumlishe uvujaji wa mashine zote. Nilikupigia, ukasema huna wiki moja ya kusimamisha kazi. Basi kaitoa shemeji wa Baba Ghayth, yule mwenye jenereta ya mtaa, kwa dakika tano, na Sabri aliposikia hakupokea tena simu zangu.

Joto limefika nyuzi hamsini. Umeme wa serikali unakuja kwa saa mbili, unaondoka kwa saa nne. Nilikwenda kwa Baba Ghayth mwenyewe kuomba ampia zaidi za jenereta kama ulivyoniagiza. Akanicheka mbele za watu.

"Mwalimu Nibras, una ampia kumi. Familia ya watu kumi na mmoja hapa ina sita. Mnafuga nini mle ndani?"

"Kazi ya kaka yangu."

"Kaka yako aje aifanye hapa, na yeye atoke jasho kidogo."

Nilirudi nikiwa nimekasirika, na niliyemkasirikia si Baba Ghayth. Kwa ampia kumi, nikiwasha kompyuta mbili kama unavyotaka, kipoza hewa cha Mama hakiwaki. Nawasha moja. Mama hatalala kwenye joto ili majiko ya Uswidi yapate kuchorwa.

Nibras


Malmö, 1 Julai 2021

Nibras,

Salamu zenu nimezipata, ahsanteni. Natumai nyote hamjambo.

Jambo la kwanza, kompyuta ya nne inajizima na kujiwasha kila umeme wa serikali unaporudi. Umeme wenu unarudi kwa kishindo. Ukiona umekatika, zima swichi za mistari yote mitatu, subiri umeme ukirudi utulie, ndipo uwashe. Pawa saplai haipendi kupigwa kofi.

Jambo la pili, nimesema mbili kwenye jenereta, si moja. Mama anaweza kukaa sebuleni kwenye sakafu ya vigae, ndivyo tulivyokaa utotoni na hatukufa. Ni miezi miwili tu. Nikishindwa kazi hii sitakuwa na cha kuwatumia, na sitakuwa na mahali pa kukaa. Sitaki kueleza zaidi.

Muthanna


Baghdad, 8 Julai 2021

Kaka,

Mama anakusalimu. Goti limeshuka kidogo. Narenji zimeanza kuwa kubwa, bado za kijani.

Barua yako nimemsomea, lakini si yote. Ile ya sakafu ya vigae nimeimeza. Aliniuliza kama hukusema lolote kuhusu lile alilonituma nikuulize. Nikakujibia. Nimezoea kuwa wewe.

Kuhusu kuzima na kuwasha swichi, mimi niko shuleni kwenye mitihani mpaka saa nane mchana. Umeme ukirudi saa tano, nani atazima? Mama? Haoni hata namba za simu. Na bado nawasha moja kwenye jenereta.

Kama Rand ameondoka, sema. Sisi ni ndugu zako.

Nibras


Malmö, 30 Agosti 2021

Mpendwa dada yangu Nibras,

Mungu aiweke roho ya Mama mahali pema, na akupe subira. Nilifika salama, ila nimechelewa kuandika. Nisamehe kwa kuondoka siku ya nne kabla vikombe vya msiba havijaoshwa, tiketi haikubadilika. Nyumba yangu huku ni kimya sana. Ulivyokisia kuhusu Rand ni kweli, tangu Mei.

Umri wake na joto lile, moyo usingeweza. Nimewaambia hivyo wote walionipigia, na ndivyo kilivyoandikwa kitambaa cheusi cha tangazo la msiba ukutani, kwa maradhi ya moyo. Nakuomba uwe na neno hilohilo. Watu wetu wakipata neno jingine hawatakuacha upumue, na halitamrudisha.

Jambo la mwisho, kwa shida nalisema. Nilimkabidhi mteja picha za Julai, mashine hazikusimama hata siku ile, na amefurahi. Tangu mazishi zimezimwa. Najua ni wewe. Arobaini imepita, Nibras. Naomba uziwashe. Kama unaiogopa ya nne, iache, washa tano.

Kaka yako,
Muthanna


Baghdad, 21 Septemba 2021

Muthanna,

Barua hii haina salamu wala habari za nyumbani. Nimeziondoa ili usipate pa kuruka.

Nilizipanga barua zako zote mezani. Sikuona hata moja ulipojibu jambo lililoandikwa kabla ya neno "baada". Goti hukuuliza. Arusi ya kwa Mama Haytham hukuuliza. Ulikuwa unaanzia pale mashine zinapoanzia, na mimi nilijua, nikawa nakutania badala ya kukupigia kelele. Sasa itoe ile ya tarehe kumi na mbili Juni, uisome kuanzia juu. Utaniambia ningekupigia simu, lakini kwenye simu ulikuwa huniachi nifike mwisho. "Niko kazini, andika." Niliandika.

Sabri alikuja baada ya arobaini bila kuitwa. Alikwenda moja kwa moja uani akapima koki. Haikuonyesha kitu, kwa kuwa mashine zilikuwa zimezimwa. Akaniuliza kama naweza kuvumilia aziwashe dakika moja. Nikasema naweza. Kipimo kikaruka hadi volti 215.

Alizima moja moja mpaka akaijua ya nne, akaifungua ile pawa saplai yake mezani kwa Mama. Ndani kuna kidude cha bluu, hakizidi punje ya dengu, ni katika lile chujio uliloniambia linapumua. Kilikuwa kimeungua na kuunganisha umeme mkali na bati la nje. Kutoka kwenye bati ukaingia kwenye waya wa ardhi, na waya wa ardhi Baba aliufunga kwenye bomba.

"Dada," Sabri akasema, "bomba lingekuwa la chuma mpaka barabarani, umeme ungezama ardhini na swichi ingekata palepale. Sasa kimebaki kipande cha chuma cha mita mbili ukutani, nyuma yake ni plastiki. Umeme hauna pa kwenda. Umekaa kwenye koki."

"Na mashine? Mbona haikuzima?"

"Haikujua hata kama imeharibika. Iliendelea na kazi yake."

Nikamwuliza kuhusu swichi yake iliyotolewa. Akawa anakusanya bisibisi zake moja moja, na mimi sikurudia kuuliza.

Sasa sikiliza lile ambalo sikukuambia uliposimama mlangoni ukipokea mikono ya watu na kuwaambia "moyo, moyo wake tu". Barua yako ya Julai ilipofika, Mama alikaa kitandani akaniambia, "Soma. Mwanangu kasema nini kuhusu koki?" Maana tangu Juni alikuwa haigusi, alikuwa akitawadha kwa birika na kulalamika kwamba maji ya birika hayamwingii rohoni. Nikatafuta kwenye karatasi yako. Nikaigeuza nyuma. Hapakuwa na kitu. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake yasiyoona vizuri, amefurahi tayari kabla hajasikia. Nikasoma, "Mwambie Mama si kitu, ni umeme mdogo, avae ndala tu akiwa uani."

Akasema, "Umeona? Kichwa cha mhandisi hicho. Nyie mngenitisha bure."

Siku ya pili alinituma nikamnunulie ndala mpya za plastiki, za kijani. Alizivaa kama mtoto wa Idi. Akarudi kutawadhia kwenye koki yake, na sisimizi akawacheka.

Ile Jumatano umeme ulirudi saa tano na kishindo chake. Mimi nilikuwa nasimamia mtihani. Adhuhuri Mama alikwenda uani. Mama Haytham alikuwa juu ya paa akianika, alimwona. Alinawa mikono, uso, akapaka kichwa, yote amevaa ndala zake. Hayo nadhani yalikuwa kwa maji yaliyojaa kwenye beseni. Kisha akafika kwenye miguu. Akavua ndala, akaziweka kando pamoja, vizuri, akainua mguu wa goti bovu, na kwa kuwa goti halikumshika akashika koki.

Niliporudi zilikuwa bado pale, zimeelekea kibla.

Jibu lilikuwa langu. Sauti ilikuwa yako, na yeye aliiamini kwa sababu ni yako. Nimelibeba fungu langu siku sitini na zaidi, nalala nalo, nafundisha nalo, na sijakuomba unisaidie. Lakini fungu lako umelitundika ukutani kwa kitambaa cheusi na kuliita moyo. Nimekishusha kile kitambaa. Mama mdogo Khawla aliuliza kwa nini, nikamweleza kila kitu, lako na langu. Amelia, kisha ameniuliza kama umekula ulipokuwa hapa. Ndivyo wanavyokupenda.

Sabri amechimba uani karibu na mnarenji, amezika fimbo ya shaba mita mbili na nusu na kufunga waya mpya wa ardhi. Ule wa Baba ameukata. Swichi yake ya uvujaji ameirudisha, na ameijaribu mbele yangu mara tano. Mashine zako tano nzima na moja mbovu zimo kwenye maboksi yake yaleyale, Baba Rami anazipakia kesho. Sizivunji. Nilitaka, nikakumbuka ulivyosema kila ulichonacho kimo humo, nikaona ni kweli.

Juzi, alipoondoka Sabri, nilifungua koki nikalowesha mikono mpaka kwenye viwiko. Nilivua viatu nikasimama kwenye maji. Nikaishika kwa mikono miwili, nikakaza. Ni koki tu, baridi.

Usinijibu kwa karatasi. Hakuna tena wa kusomewa.

Nibras